Je, kushusha testosteroni kwa mwaka mmoja kunaleta usawa mchezoni?

SWALI: Daktari, nafundisha riadha kwenye klabu yenye watoto, vijana na watu wazima. Mimi na kocha mwenzangu tumebishana hadi tukanuniana. Yeye anasema mwanamke aliyebadili jinsia akishusha homoni za kiume kwa mwaka mmoja, mwili wake unakuwa sawa na wa mwanamke mwingine yeyote, kwa hiyo hakuna sababu ya kumzuia. Mimi nasema aliyezaliwa na mwili wa kiume asishindane na wanawake popote, kuanzia watoto hadi Olimpiki, na ndiyo maana hata Caster Semenya, mkimbiaji wa Afrika Kusini, alizuiwa. Nani kati yetu yuko sahihi?

JIBU: Kocha, mwenzako amekosea kuhusu huo mwaka mmoja. Wewe umekosea kuhusu watoto, na umekosea zaidi kuhusu Semenya. Naomba unisome hadi mwisho kabla hujakasirika, kwa sababu katika jambo moja kubwa nakubaliana nawe na nitalisema wazi.

Kwanza tujiulize kwa nini wanawake wana mashindano yao. Wapange watoto wa miaka minane, wavulana kwa wasichana, uwakimbize mita 60. Kwa wastani wavulana watatangulia kidogo, lakini ni kidogo kiasi kwamba msichana hodari atawaacha wengi wao nyuma. Warudishe hao hao wakiwa na miaka 17, utakuta mambo yamebadilika kabisa. Kilichopita hapo katikati ni balehe. Testosteroni ya mwanamume mzima huwa kati ya nanomoli 7.7 na 29.4 kwa lita, na ya mwanamke huwa kati ya 0.12 na 1.79. Ziangalie vizuri namba hizo: kiwango cha juu cha wanawake hakifiki hata karibu na kiwango cha chini cha wanaume. Homoni hiyo ikifanya kazi kwa miaka kadhaa hurefusha mifupa, hupanua mabega, hukuza moyo na mapafu, hujaza misuli, na hupandisha hemoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, kwa takriban asilimia 12.

Matokeo yake yako kwenye vitabu vya rekodi. Mita 100, Usain Bolt ana sekunde 9.58 na Florence Griffith-Joyner ana 10.49; pengo ni kama asilimia 9 na nusu. Mita 800, David Rudisha ana 1:40.91 na Jarmila Kratochvílová ana 1:53.28, pengo ni asilimia 12. Kwenye kuruka umbali, Mike Powell alifika mita 8.95 na Galina Chistyakova mita 7.52, na hapo pengo ni asilimia 19. Kwenye kunyanyua vyuma linavuka 30. Kadiri mchezo unavyodai nguvu za mwili wa juu na mlipuko wa misuli, ndivyo pengo linavyopanuka.

Ipo pia michezo ambayo pengo hilo karibu halipo. Mwaka 1992 kule Barcelona, Zhang Shan wa China alitwaa dhahabu ya kulenga visahani kwa bunduki akishindana na wanaume. Olimpiki iliyofuata, mchezo huo ukafanywa wa wanaume peke yao. Inaniuma kila ninapoikumbuka habari hiyo, na ni vizuri tuikumbuke sote, kwa sababu inaonyesha kwamba si kila mpaka kati ya wanaume na wanawake mchezoni uliwekwa ili kumlinda mwanamke.

Kwenye riadha, hata hivyo, mpaka huo unamlinda kwelikweli. Bila mpaka huo, jina la mwanamke lisingeonekana kwenye fainali yoyote kubwa ya mbio. Kwa hiyo swali lenu, ukilivua maneno yote ya ziada, ni hili: je, dawa zinaweza kufuta kile ambacho balehe ya kiume imeshakijenga?

Mwanamke aliyebadili jinsia anapoanza kutumia dawa, kinachobadilika haraka ni damu. Ndani ya miezi mitatu au minne hemoglobini yake inashuka hadi kiwango cha kawaida cha wanawake. Kwa mkimbiaji wa masafa marefu hilo si jambo dogo. Oksijeni inayofika miguuni inapungua, na kasi aliyozoea kuihimili kwa nusu saa inaanza kumshinda dakika ya kumi na tano. Anapanda kilima kile kile cha mazoezi huku pumzi ikimkatika mahali ambapo zamani hakuhisi chochote. Mwenzako ameona mambo ya namna hiyo, au ameyasikia, na ni ya kweli.

Misuli ni habari nyingine. Mapitio ya tafiti yaliyofanywa na Emma Hilton na Tommy Lundberg mwaka 2021 yalikuta kwamba baada ya miezi 12 ya kushusha testosteroni, misuli na nguvu hupungua kwa asilimia 5 hivi. Asilimia 5, wakati pengo lililokuwepo mwanzo kwenye nguvu za mikono na mabega ni kubwa mara kadhaa kuliko hapo. Mwaka huo huo, mapitio yaliyoongozwa na Joanna Harper yalionyesha kwamba nguvu hubaki juu ya zile za wanawake wengine hata baada ya miezi 36. Namtaja Harper kwa makusudi. Yeye mwenyewe ni mwanamke aliyebadili jinsia, ni mkimbiaji, na kwa miaka mingi ametetea ushiriki wa wenzake. Huwezi kusema aliandika kwa chuki. Na mifupa haibadiliki hata kidogo. Urefu, upana wa mabega, urefu wa mikono na ukubwa wa nyayo vinabaki kama balehe ilivyoviacha.

Utafiti ninaopenda kuwaonyesha makocha ni ule wa Jeshi la Anga la Marekani, kwa sababu wanajeshi hupimwa mazoezi yale yale kila mara na kumbukumbu zinatunzwa. Kabla ya dawa, waliokuwa wanajiandaa kubadili kwenda kuwa wanawake walipiga pushapu asilimia 31 zaidi ya wenzao wa kike, na walikimbia kilomita 2.4 kwa kasi zaidi kwa asilimia 21. Baada ya miaka miwili ya dawa, tofauti ya pushapu ilikuwa imetoweka. Ya kukimbia ilikuwa imeshuka hadi asilimia 12, na hapo ikabaki. Kwenye mita 800, asilimia 12 ndilo pengo la Rudisha na Kratochvílová.

Ila usiukimbilie huo utafiti ukaenda kumpiga nao mwenzako. Hao walikuwa wanajeshi, si wanariadha, na hakuna aliyerekodi walivyofanya mazoezi kila wiki. Upande wa pili, Harper aliwahi kuchapisha, mwaka 2015, matokeo ya wakimbiaji wanane wa masafa marefu ambao walipobadili jinsia walishuka kiwango kiasi kwamba nafasi zao miongoni mwa wanawake zilikuwa karibu sawa na zile walizokuwa nazo miongoni mwa wanaume. Ni watu wanane tu, na muda waliutoa wenyewe, lakini matokeo hayo yanalingana na tunachojua kuhusu damu. Mwaka 2024 ukatoka utafiti uliogharamiwa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, IOC: wanawake waliobadili jinsia walikuwa na mkono wenye nguvu zaidi ya wanawake wengine, lakini waliruka juu kwa kiasi kidogo zaidi, na uwezo wao wa kutumia oksijeni kwa kila kilo ya mwili ulikuwa chini. Mwili mkubwa wenye misuli iliyopungua si faida kila mahali. Kwenye kuruka, ni mzigo unaoubeba.

Mimi nikiyaweka yote hayo mezani, nafikia hapa. Kwa mtu mzima aliyepitia balehe ya kiume, kwenye mashindano ya juu ya michezo inayoamuliwa na kasi na nguvu, hakuna ushahidi kwamba kushusha testosteroni kunafuta faida yote. Kwa mwaka mmoja, hapana. Kwa miwili, bado. Kuna wanasayansi ninaowaheshimu wanaosema tusubiri data za wanariadha wenyewe kabla ya kumzuia yeyote. Naelewa hoja yao, lakini wakati tunasubiri kuna mwanamke anayekosa fainali, na umri wake wa kukimbia haumsubiri. Kwa hiyo kwa ngazi hiyo nasimama upande wako, Kocha.

Mashirikisho mengi yamefika huko huko, na safari yenyewe haikuwa fupi. IOC ilianza mwaka 2004 kwa kuwaruhusu waliofanyiwa upasuaji na kutumia homoni kwa miaka miwili. Mwaka 2015 ikaondoa sharti la upasuaji, ikaweka kikomo cha nanomoli 10 kwa miezi 12, na nadhani huko ndiko mwenzako alikoutoa mwaka wake mmoja. Kikomo hicho sikuwahi kukielewa. Kiko juu ya kiwango cha chini cha wanaume wenyewe. Mwaka 2021 IOC iliacha kikomo kimoja kwa michezo yote ikayaachia mashirikisho yaamue. Raga ilikuwa imeshatangulia mwaka 2020. Kuogelea kukafuata Juni 2022, miezi michache baada ya Lia Thomas, mwogeleaji aliyebadili jinsia, kushinda yadi 500 kwenye mashindano ya vyuo vya Marekani. Riadha ikafunga mlango Machi 2023, baiskeli Julai mwaka huo huo.

Kuna jina moja ambalo hutajwa sana na watu wasiotazama kilichotokea. Laurel Hubbard wa New Zealand, mnyanyua vyuma, alikuwa mwanamke wa kwanza anayejulikana wazi kuwa amebadili jinsia kushindana binafsi kwenye Olimpiki, kule Tokyo mwaka 2021. Dunia nzima ilibishana juu yake kwa miezi. Siku yenyewe alipanda jukwaani akajaribu kilo 120 kwa mkupuo mmoja, akashindwa. Akaomba 125, akazifikisha juu ya kichwa, waamuzi wakazikataa. Akajaribu tena 125, zikamwangukia nyuma. Akaweka mkono kifuani, akashukuru, akaondoka bila hata namba moja kwenye matokeo. Wapo wanaosema hiyo ni dalili kwamba hakuwa na faida. Hapana, alikuwa na umri wa miaka 43, na kufika Olimpiki katika umri huo kwenye mchezo ule ni jambo lenyewe. Faida si uhakika wa kushinda. Mtu anaweza kuwa na faida isiyostahili na bado akashika mkia. Lakini pia ilikuwa vibaya kumfanya mwanamke huyu, aliyefuata kila kanuni aliyowekewa, aonekane kama mwizi. Kama kanuni ina kasoro, lawama iende kwa walioiandika.

Sasa Semenya. Kocha, huyu hakubadili jinsia. Alizaliwa akasajiliwa msichana, akalelewa msichana, na amekuwa mwanamke maisha yake yote. Kanuni zilizomzuia zinawahusu wanawake wenye tofauti za ukuaji wa kijinsia: wana kromosomu XY, ambazo kwa kawaida ni za wanaume, na testosteroni ya kiwango cha kiume ambayo mwili wao unaitengeneza wenyewe, bila wao kufanya lolote. Mwaka 2018 shirikisho la riadha liliwaamuru washushe testosteroni chini ya nanomoli 5 ikiwa wanataka kukimbia kuanzia mita 400 hadi maili. Semenya alikwenda Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, na Mei 2019 majaji wawili kwa mmoja wakaamua jambo ambalo hadi leo linanisumbua: kwamba kanuni ile ni ya kibaguzi, lakini ubaguzi huo ni wa lazima na unalingana na lengo. Mwaka 2023 kikomo kikashushwa hadi 2.5, kikapanuliwa hadi mbio na michezo yote ya riadha. Julai 2025 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikasema mahakama ya Uswisi haikumsikiliza Semenya kwa uzito uliostahili. Haikusema kanuni yenyewe ni halali au haramu.

Angalia tofauti iliyopo. Mmoja anakunywa dawa kwa sababu anazitaka, zinamsaidia kuishi anavyojiona. Mwingine, mwenye afya njema, aliambiwa ameze dawa asizozihitaji ili aruhusiwe kukimbia. Mimi ni daktari. Kumpa dawa mtu asiyeumwa ili kumfaa mratibu wa mashindano ni jambo linalonikaa kooni. Upande wa mwili, swali la faida lipo pale pale, silikatai. Jukwaa la mita 800 la Rio mwaka 2016, Semenya, Francine Niyonsaba na Margaret Wambui, lote liliguswa na kanuni hizo. Lakini ukiwachanganya wanawake hawa na waliobadili jinsia, utawaadhibu kwa jambo wasilolichagua na utashindwa kuwaelewa wote wawili. Mchanganyiko huo huo ulimkuta bondia Imane Khelif kule Paris mwaka 2024; mamilioni ya watu walisema alizaliwa mwanamume akabadili jinsia, wakati alizaliwa akasajiliwa msichana na kulelewa msichana.

Na sasa kuna kipimo kipya kinachowagusa wasichana wako, Kocha, wakifika ngazi ya dunia. Tangu Septemba 1, 2025, mwanamke yeyote anayetaka kushindana kwenye mashindano ya dunia ya riadha anapimwa mara moja kama ana jeni ya SRY, inayokaa kwenye kromosomu Y. Kijiti chenye pamba kinasuguliwa ndani ya shavu, kinafungwa, kinapelekwa maabara, imekwisha. Ni afadhali mara elfu kuliko ya Budapest mwaka 1966, ambako wanawake walitakiwa wavue nguo mbele ya madaktari. Lakini si kipimo kipya kama kinavyotangazwa. Kule Atlanta mwaka 1996 walipimwa wanawake 3,387 kwa njia ya jeni, wanane wakakutwa nayo, na wote wanane wakaruhusiwa kushindana baada ya uchunguzi. Wengi wao miili yao ilikuwa haiitikii testosteroni ipasavyo. Jeni ipo, homoni ipo, lakini misuli haisikii. Maria José Martínez-Patiño, Mhispania wa kuruka viunzi, alikuwa na hali hiyo. Mwaka 1985 kule Kobe alishindwa kipimo cha kromosomu, jina lake likavuja magazetini, akapoteza rekodi zake, ufadhili na mchumba. Ilimchukua hadi 1988 kurudishiwa haki yake, na miaka ya kukimbia ilikuwa imeshakwenda. Kanuni za leo zinawaruhusu wenye hali yake kushindana, na hilo ni jema. Andrew Sinclair, aliyeongoza ugunduzi wa jeni hiyo mwaka 1990, amejitokeza kusema haifai kutumiwa peke yake kuamua nani ni nani. Mimi nakubali kitumike kama mlango wa kwanza tu, na kwa sharti kwamba nyuma yake kuna daktari bingwa, mshauri, na ulinzi wa siri usio na mzaha. Msichana wa miaka 18 hastahili kujifunza jambo zito kama hilo kuhusu mwili wake kupitia barua pepe ya mwandaaji wa mashindano.

Nirudi kwenye watoto, ambako tunatofautiana. Hoja yako yote inasimama juu ya balehe. Mtoto wa miaka tisa hajabalehe. Ukimfukuza kwenye mbio za wasichana kwa jina la usawa, unatumia sababu ambayo bado haijatokea mwilini mwake. Hata shirikisho la kuogelea, lenye kanuni kali, linamruhusu ambaye hakupitia balehe ya kiume kupita hatua ya awali kabisa, au kabla ya miaka 12. Kwa vijana wa miaka 13 hadi 17 mambo ni magumu zaidi, kwa sababu kila mmoja yuko kwenye hatua yake, na hapo sioni namna ya kutoa kanuni moja. Angalia mtoto mwenyewe, angalia ngazi ya mashindano. Kwenye mbio za Jumamosi ambazo kila mmoja anapewa maji na pongezi, sioni tunachokilinda kwa kumwacha mtoto mmoja nje ya uzio akiwatazama wenzake.

Usisahau pia idadi. Desemba 2024, rais wa chama cha michezo ya vyuo vya Marekani aliwaambia maseneta kwamba kati ya wanamichezo 510,000 anawajua waliobadili jinsia wasiofika kumi. Hilo haliondoi swali la haki, maana medali ya dhahabu ni moja na anayeikosa ni mtu kamili. Linatuambia tu sauti zetu ziwe za kiasi gani. Na anayedhani dawa ni kuwaundia kundi lao, akumbuke Berlin Oktoba 2023: shirikisho la kuogelea lilifungua kundi la wazi kwenye mashindano ya Kombe la Dunia, na hakujiandikisha hata mtu mmoja. Sishangai. Nani anataka kupanda jukwaa lililotengenezwa ili dunia imtazame yeye tu?

Wanaume waliobadili jinsia hamkuwataja, kwa hiyo nitasema machache. Wanatumia testosteroni, na testosteroni ni dawa iliyopigwa marufuku, kwa hiyo wanahitaji kibali cha matibabu, na wakishaanza kuitumia mahali pao ni kwa wanaume. Kuwalazimisha wabaki kwa wanawake ndiko kunakoleta fujo: kule Texas, Mack Beggs, kijana aliyekuwa akitumia testosteroni kwa matibabu, alitaka kupigana mieleka na wavulana, kanuni ya cheti cha kuzaliwa ikamkatalia, akawa bingwa wa wasichana mwaka 2017 na tena 2018. Hakuna aliyefurahi, wala yeye mwenyewe.

Kwa klabu yenu, fanyeni hivi. Mwanariadha mzima aliyebadili jinsia akija, mpokeeni mazoezini kama mwingine yeyote. Mazoezi si mashindano. Akitaka kushindana kwenye mashindano yanayohesabiwa kwa viwango vya dunia, mwelezeni mapema kanuni za shirikisho zinavyosema, ana kwa ana, mlango ukiwa umefungwa, asije akazisikia siku ya mbio mbele ya watu. Kwenye mashindano ya ndani ya klabu mna uhuru: mnaweza kuwapanga wakimbiaji kwa muda wao bora badala ya jinsia, na makocha wengi waliojaribu mpango huo kwa masafa ya kati wanaupenda kwa sababu kila mbio inakuwa na ushindani hadi mstari wa mwisho. Karatasi za hospitali za mwanariadha asizishike kocha wala katibu. Zikae kwa daktari. Na msichana yeyote mwenye mabega mapana na sauti nzito, ambaye mzazi wa mpinzani wake ataanza kumnyooshea kidole, mtetee papo hapo, hadharani, kabla hujauliza chochote. Wengi wa wanaonyooshewa kidole hivyo ni wasichana tu waliofanya mazoezi kwa bidii.